Si kila kusahau ni dimenshia

Wakazi wengi wa kaunti yetu wakianza kusahausahau huingiwa na hofu kwamba akili inaondoka. Aliyemuuguza mzazi mwenye dimenshia huogopa zaidi, na mara nyingi hamwambii mtu. Hofu hiyo inastahili kusikilizwa, kwa maana kuna kusahau kwa aina mbili ambako kwa kutazama haraka kunafanana.

Dimenshia hutokana na magonjwa yanayoharibu ubongo, na Alzheimer ndiyo inayoongoza. Si laana, si uchawi, wala si uzee wa kawaida. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 57 duniani waliishi nayo mwaka wa 2021. Aina ya pili wataalamu huiita tatizo la kiutendaji. Hapa ubongo haujaharibika, ila umakini umetekwa na mawazo, huzuni, maumivu au kukosa usingizi. Mgonjwa haigizi, anasumbuka kweli.

Tazama kwanza ni nani anayelalamika. Mchuma chai wa miaka 45 anafika zahanati peke yake na kusimulia kwa kirefu jinsi alivyosahau nambari ya siri ya M-Pesa Jumanne, kisha sufuria ikaungua Alhamisi. Masimulizi hayo yenyewe yanaonyesha kumbukumbu ingali inafanya kazi. Mwenye dimenshia kwa kawaida huletwa na jamaa. Akiulizwa swali humgeukia binti yake amjibie, na huenda akasisitiza kuwa hana shida yoyote.

Halafu tazama mwenendo. Yule mchuma chai husahau alichotumwa dukani, lakini siku ya malipo anazijua kilo zake zote na kumsahihisha karani. Mwenye dimenshia pia huwa na siku nzuri, ila mwaka hadi mwaka hali hushuka: kogo hupotea kwenye njia aliyoipita miaka 30 akipeleka majani chai, au huuliza swali lilelile kila baada ya dakika chache.

Dalili hizi hazitoshi kujipima nyumbani. Matatizo ya tezi ya shingoni, upungufu wa vitamini B12, pombe, baadhi ya dawa na kutosikia vizuri pia huleta kusahau, na mengi kati ya hayo hutibika. Anzia zahanati iliyo karibu nawe. Ikihitajika utaandikiwa rufaa. Nenda na mtu mnayeishi naye na ubebe dawa zote unazotumia, za mitishamba zikiwemo. Tatizo la kiutendaji hutibiwa kwa maelezo mazuri, ushauri nasaha na kurekebisha usingizi. Dimenshia bado haina dawa ya kuiponya, lakini familia inayojua mapema hupata nafasi ya kupanga matunzo na mambo ya shamba mzee angali anaweza kusema anachotaka.

Mtu akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache tu, huenda ni malaria, maambukizi, sukari iliyoshuka au kiharusi. Mpelekeni hospitalini siku hiyohiyo.