Utabiri wa Marubani Unavyoweza Kukuokolea Dawa ya Nyanya



Masika iliyopita nilimponza mkulima wangu. Ana ekari moja na nusu ya nyanya upande wa Hai, si mbali na uwanja wa ndege wa KIA, na bakajani chelewa ilikuwa imeshaonekana kwa jirani yake. Akanipigia asubuhi: "Bwana shamba, nipige leo au nisubiri?" Nikachungulia simu, nikaona kijua kimechorwa na kiwingu pembeni. Nikamwambia piga tu, hata mchana. Akaita vibarua wawili, wakamaliza saa tisa kasoro. Saa tisa na nusu mvua ikashuka. Dawa yenyewe ni ile ya mguso, inayokaa juu ya jani, na ilikuwa haijakauka. Yote ikaenda chini. Wiki iliyofuata madoa yalikuwa katikati ya shamba. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Baadaye nikamsimulia jamaa anayefanya kazi na ndege. Akacheka, akasema wao hawaangalii vijua vya kuchorwa. Akanionyesha mstari mmoja wa herufi na namba, kama ujumbe wa siri. Kumbe ni utabiri wa kiwanja, unaitwa TAF. Kwa viwanja vyetu unaandaliwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutolewa upya kila baada ya saa sita, na unaonyesha saa 24 au 30 zijazo kutegemea kiwanja. Kuna na ndugu yake, METAR, ambayo siyo utabiri bali ni hali iliyopimwa muda huo huo.

Kuupata ni bure. Fungua aviationweather.gov, tovuti ya idara ya hali ya hewa ya Marekani inayokusanya taarifa za viwanja vya dunia nzima. Huhitaji kujisajili. Unaandika herufi nne za kiwanja kilicho karibu nawe: KIA ni HTKJ, Dodoma HTDO, Mwanza HTMW, Songwe HTGW. Wasomaji wangu wa Eldoret, andikeni HKEL. Viwanja vidogo vingi havina TAF, kwa hiyo usishangae ukikosa.

Huu hapa mfano niliotunga wa kujifunzia:

TAF HTKJ 140500Z 1406/1506 09008KT 9999 SCT022 TEMPO 1412/1415 SHRA FEW020CB

Tuanze na saa maana ndiyo inayochanganya watu. Zote ni za kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Lakini kwa saa yetu ya Kiswahili kuna njia fupi: toa tatu. 1412 ni tarehe 14, saa 12 yao. Toa tatu, unapata saa tisa alasiri. 1415 ni saa kumi na mbili jioni. Jibu likizidi 12, toa tena 12: saa 18 yao inakuwa 15, halafu saa tatu usiku. Mzungu anapiga hesabu ndefu kuliko wewe hapo!

09008KT ni upepo. 090 ni nyuzi unakotokea, yaani mashariki, na 08 ni noti. Zidisha mara mbili upunguze kidogo: noti 8 ni kama kilomita 15 kwa saa. Mimi hapo nasimamisha bomba, hasa la kuua magugu, maana dawa itaishia kwenye maharage ya jirani na kesi itakuja kwangu. Upepo uliotulia kabisa alfajiri nao siupendi. Matone madogo yanaelea tu na huwezi kujua yatatua wapi.

9999 ni kuona mbali kilomita 10 au zaidi, hiyo waachie marubani. SHRA ni manyunyu au mvua ya ghafla, CB ni lile wingu refu la radi. TEMPO maana yake itatokea kwa vipindi, kila kimoja chini ya saa moja. Ukiona PROB30, uwezekano ni asilimia 30. Basi mfano wetu unasema: kati ya saa tisa na saa kumi na mbili mvua inaweza kukupiga. Ningeusoma siku ile, ningemwambia amalize asubuhi, umande ukikauka tu.

Kwenye METAR mimi naangalia kitu kimoja zaidi, mfano 19/18. Ya kwanza ni joto, ya pili ni kiwango cha joto ambacho umande huanza kutunga. Zikikaribiana hivyo usiku kucha, majani yanalowa kwa saa nyingi, na bakajani chelewa haitaki zaidi ya hapo. Usiku kama huo ukijirudia mara mbili tatu, kagua majani ya chini asubuhi, usisubiri ratiba.

Ila jamani, utabiri huu ni wa kiwanja na eneo lake la karibu. KIA iko kama mita 890 kutoka usawa wa bahari. Wewe uliye Machame juu kuna baridi zaidi, na mlima una mvua zake. Nunua kipimamvua, hata chupa uliyoikata mwenyewe, uandike wiki nne ulinganishe. Na usipange kupanda kwa TAF. Tarehe za kupanda chukua kwenye utabiri wa msimu wa TMA.

Yule kijana wa Hai siku hizi ananitangulia. Juzi ujumbe wake ulinikuta bado kitandani: "Bwana shamba, TEMPO inaanza saa nane. Tumeshachanganya dawa, tunasubiri umande tu."