Royal Munster Fusiliers: Historia na Nembo ya Rejimenti Isiyokuwepo Tena

Tarehe 31 Julai 1922, jeshi la Uingereza lilivunja rejimenti ya askari wa miguu iliyoitwa Royal Munster Fusiliers. Makao yake yalikuwa Tralee, kusini-magharibi mwa Ireland, na askari wake wengi walikuwa Wakatoliki wa Kerry, Cork, Limerick na Clare.

Nembo yake ni guruneti linalotoa miali ya moto, na juu ya guruneti hilo amechorwa chui milia. Guruneti ni alama ya rejimenti za Fusiliers kwa jumla. Chui milia ndiye anayeeleza asili: rejimenti iliundwa mwaka 1881 kwa kuunganisha mbili za Bengal, India, zilizoanzishwa na kampuni ya biashara ya East India Company. Ndiyo maana kijana wa Kerry alivaa kofiani mnyama asiyepatikana kwao.

Kwa Wakatoliki, rejimenti hii inakumbukwa zaidi kwa jioni ya tarehe 8 Mei 1915. Batalioni ya pili, ikielekea mapigano ya Aubers Ridge huko Ufaransa, ilisimama kando ya barabara ya Rue du Bois, penye kikanisa kidogo. Kapelani wao, Padre Francis Gleeson, akiwa juu ya farasi, aliwapa wote ondoleo la dhambi kwa pamoja. Kesho yake wengi waliuawa, akiwemo kamanda wao, Victor Rickard. Mchoraji Fortunino Matania aliifanya saa ile ijulikane kwa picha yake.

Je, ondoleo la namna hiyo ni njia ya mkato? Hapana. Sheria za Kanisa za sasa (Kanuni 961 na 962) huliruhusu pale hatari ya kifo inapokaribia na hakuna muda wa kumsikiliza kila mmoja. Anayelipokea anapaswa kutubu kweli na kukusudia kuungama dhambi zake kubwa, mmoja mmoja, mara apatapo nafasi.

Ireland ya kusini ilipojitenga, rejimenti tano za askari wa miguu zilivunjwa. Tarehe 12 Juni 1922 bendera zao zilikabidhiwa kwa Mfalme George V huko Windsor. Walionusurika walirudi katika nchi iliyobadilika, na mara nyingi hawakusimulia walikotoka. Kanisa, hata hivyo, huwaombea marehemu wote bila kuuliza walivaa sare ya nani.