Ugonjwa wa Nafsi Nyingi, Runingani na Kliniki
Mwaka 1976 runinga ya Marekani ilionyesha Sybil, filamu ambamo Sally Field aliigiza mwanamke mwenye nafsi kadhaa. Kisa chenyewe baadaye kilitiliwa shaka. Tangu hapo watazamaji wamezoea kuona sauti na mwenendo vikigeuka ghafla, na mara nyingi nafsi mojawapo ni muuaji. Kliniki husimulia mengine. Mgonjwa huficha hali yake: hukuta nyumbani vitu asivyokumbuka kuvinunua, akasingizia usahaulifu. Wengi walidhulumiwa utotoni. Aliye hatarini zaidi ni yeye mwenyewe: mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013 wataja kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wanaotibiwa bila kulazwa wamewahi kujaribu kujiua. Tabibu anayengoja maigizo husikia habari za sauti kichwani, akaandika dawa za skizofrenia, na miaka ikapita.