Mafiga Matatu na Chungu cha Afrika ya Mashariki

Hapa mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, iko kata iitwayo Mafiga. Kila mama ajua maana ya neno hilo: ni yale mawe matatu ambayo chungu hutelekwa juu yake. Wazee walinena kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya mataifa yanayokiinjika chungu pamoja, na juu ya vita viwezavyo kukipindua.

Wako wafanya kazi wanaouliza: Msomi wa sheria, akaaye katikati ya vitabu, atufaa nini sisi? Swali hilo ni la haki, nasi yatupasa kulijibu kwa mfano, si kwa maneno matupu. Mfano wetu ni Profesa Issa Shivji, aliyezaliwa mwaka 1946 huko Kilosa, katika mkoa huu huu wa Morogoro.

Na tukumbuke kwanza chuo alichosomea kilivyoanza. Mwezi wa Oktoba 1961, kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Kitivo kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa cha sheria. Wanafunzi walikuwa 14. Kabla ya udaktari na uhandisi, nchi ilitaka kwanza watu wa kuijua haki.

Shivji alipata shahada yake ya kwanza Dar es Salaam mwaka 1970, akaenda London kwa shahada ya pili, kisha akarudi kufundisha mpaka alipostaafu katika kitivo hicho mwaka 2006. Mwaka 1986 alitoa kitabu kikubwa juu ya sheria, dola na tabaka la wafanya kazi wa Tanzania. Tangu 1991 mpaka 1992 aliiongoza Tume ya Rais iliyochunguza mambo ya ardhi.

Hatusemi kwamba kalamu yake imetupendeza sikuzote. Mwaka 1970, alipoandika katika gazeti la wanafunzi lililoitwa Cheche kwamba mapambano ya matabaka yalikuwa yakiendelea kimya kimya nchini, maneno hayo yaliwachoma wakubwa, na mwaka huo huo gazeti lilipigwa marufuku. Lakini gazeti lilikufa, swali likabaki. Chama kinachoogopa swali hujinyima dawa.

Swali lake kubwa juu ya kuungana ni hili: muungano ni wa nani? Mwaka 2008, katika kitabu chake juu ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, alizichunguza Hati za Muungano za mwaka 1964 neno kwa neno. Hati hizo zilitaja mambo 11 ya Muungano. Baadaye orodha katika Katiba ikafika mambo 22. Je, wananchi waliulizwa? Mtu aweza kuupenda Muungano, nasi twaupenda, na bado akaona kwamba swali hilo lataka jibu.

Sasa turudi kwenye mafiga matatu. Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Reli ipitayo Morogoro na Kilosa ilikuwa mali ya wote watatu. Lakini tangu Idi Amin alipotwaa Serikali kwa nguvu mwaka 1971, wakuu wa nchi hizo hawakuketi tena katika kikao kimoja. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika; mpaka wetu na Kenya ukafungwa, ukafunguliwa mwaka 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na vijana wetu wakaenda vitani. Nao watumishi wa Jumuiya walihangaika miaka mingi wakidai mafao yao. Chungu kilipopinduka, waliounguzwa ni wafanya kazi.

Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Kongo iliingia mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024, zikatimia nchi nane. Lakini Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba jeshi la Rwanda liliwasaidia. Serikali ya Rwanda ilikanusha. Nchi mbili za Jumuiya moja zikawa zashtakiana kwa ajili ya damu. Basi sahihi za wakuu peke yake hazizuii risasi.

Mkataba wa 1999 watamka kwamba ushirikiano huo uwe wa watu. Maneno hayo yatakuwa kweli siku ile mfanya kazi wa Morogoro atakapojua yaliyoandikwa humo, na kumwuliza mbunge wake ametekeleza nini. Ndugu zetu wa matawi, usomeni mkataba huo mikutanoni kwa sauti, hata asiyejua kusoma ausikie. Msomi wa Kilosa ametuonyesha namna ya kuuliza. Jiko ni letu, na mafiga hayajipangi yenyewe.