Utangulizi: Nyumba, Udongo na Mkataba

Jina Nakuru, kama wasemavyo wengi, limetoka kwa Wamaasai, waliopaita mahali pa vumbi. Vumbi lenyewe ni majivu ya volkano, na juu yake umejengwa mji ambao tangu Desemba 2021 una hadhi ya jiji. Anayetaka kujifunza bima ya nyumba katika Bonde la Ufa, mimi humwanzishia hapo, kwenye udongo, kabla hajashika mkataba wowote.

Najua taaluma hii inasifika kwa kuchosha. Aliyewahi kupewa kijitabu cha bima benki siku ya kutia sahihi mkopo wa nyumba anajua: hukisoma juujuu, akakitia katika bahasha pamoja na hati miliki, basi. Hata hivyo, ndani ya kijitabu kile wanakutana mwanasheria, mthamini, mwanajiolojia na mwenye nyumba, na wote wanabishania swali moja: ni kitu gani hasa kilichowekewa bima, na dhidi ya nini?

Bima ya nyumba ni mtoto wa moto. Mwaka 1666 London iliungua (London ya Uingereza, si mtaa wetu wa London hapa Nakuru, ulio chini ya volkano ya Menengai), zaidi ya nyumba 13,000 zikateketea, na miaka michache baadaye daktari mmoja, Nicholas Barbon, akaanza kuuza kinga dhidi ya moto. Mikataba tunayouziwa Kenya leo ni ya ukoo huo. Moto, radi na mlipuko hutangulia. Wizi, dhoruba na mabomba kupasuka hufuata. Lakini hatari yetu kubwa haishuki kutoka paani. Tarehe 6 Januari 1928 ardhi ya Subukia, humu humu Bonde la Ufa, ilitikisika kwa tetemeko lenye ukubwa wa takriban 6.9, na nchi haijarekodi kubwa kulipita. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa ulifunguka karibu na Mai Mahiu ukaikata barabara ya Narok. Ndani ya Nakuru penyewe, majivu yale yakilowa hubebwa na maji chini kwa chini, na shimo hutokea mahali ambapo jana palikuwa na uwanja.

Mikataba mingi hutaja tetemeko na mafuriko, pengine kwa nyongeza ya malipo. Ardhi kudidimia au kuporomoka, mara nyingi, utaikuta kwenye orodha ya visivyofidiwa. Basi nyumba ikipasuka ukuta, mkadiria hasara ataanza kwa kuuliza chanzo: ni tetemeko, ni maji, au ni udongo uliozama wenyewe? Ufa ni ule ule, ila jibu moja hulipwa na jingine halilipwi.

Na maziwa je? Tangu mwaka 2010 hivi Ziwa Nakuru limepanda hadi likameza lango kuu la mbuga inayolizunguka na kuingia nyumba za mtaa wa Mwariki. Kule Naivasha, mtaa wa Kihoto umefurika zaidi ya mara moja. Bima ilibuniwa kwa ajili ya ajali, yaani jambo la ghafla lisilotazamiwa. Ziwa linalosogea hatua chache kila msimu si la ghafla, na baada ya miaka kumi huwezi kusema halikutazamiwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo taaluma yetu ilipo changa zaidi, na hapa ndipo inapowahitaji vijana.

Mengine ni mepesi, ingawa huumiza wengi. Bei uliyonunulia nyumba si kiasi cha kuikatia bima, kwa kuwa kiwanja hakiungui. Kinachohesabiwa ni gharama ya kujenga upya. Ukipunguza kiasi hicho ili ulipe kidogo, kanuni ya wastani itakukuta, na fidia itapungua kwa uwiano ule ule. Nyumba ya kujengwa kwa shilingi milioni 6, ukiikatia bima ya milioni 3, hasara ya milioni 2 italipwa milioni 1. Kisha kuna kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima: kampuni haibebi hatari kabla ya kupokea malipo. Ahadi ya wakala kwa simu haizimi moto.

Bima inayodaiwa na benki ipo kwanza kwa ajili ya deni. Hulinda jengo ambalo ndilo dhamana, na fidia huanzia benki. Samani zako, mfanyakazi wa nyumbani akiumia, au ukuta wako ukimwangukia jirani, hayo ni sehemu nyingine za bima ya nyumbani, nawe ndiwe wa kuziomba. Na wanaokopa ni wachache: mikopo ya nyumba nchini kote ni takriban 30,000 tu. Aliyejenga kidogo kidogo kwa akiba yake hakuna anayemdai bima, na nyumba yake ikiungua hutegemea harambee. Siidharau harambee, imeezeka mapaa mengi. Tatizo lake ni kwamba mtaa mzima ukifurika, wachangaji nao wako majini.

Msomaji anayenunua nyumba mwezi huu ana ruhusa yangu ya kuruka sura za historia. Mwombe wakala ukurasa wa visivyofidiwa kabla hujalipa, nenda nao hadi kwenye kiwanja, na uusome ukiwa umesimama hapo.