Amri Isiyokoma: Chimbuko la Saratani ya Damu kwa Watoto

Katika uboho wa mifupa ya mtoto huzaliwa kila siku mabilioni ya chembe za damu, na kila chembe hukua kwa amri na kukoma kwa amri. Saratani ya damu huanza pale amri ya kukua inapodumu ilhali ile ya kukoma haisikiki, hata chembe changa zisizopevuka zikaujaza uboho na kuzinyima nafasi zile zilizo timamu, na ndiyo sababu mtoto hupauka, huvuja damu upesi na kuandamwa na homa.

Asili ya amri hiyo ilianza kudhihirika mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford walipoona, huko Philadelphia nchini Marekani, kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika damu ya wagonjwa wa saratani ya damu. Na mwaka 1973 Janet Rowley akabainisha kuwa kromosomu hiyo fupi ilitokana na kromosomu ya 9 na ya 22 kubadilishana vipande. Kwa mabadilishano hayo jeni mbili, BCR na ABL1, huungana, zikazaa kimeng'enya kinachozipachika protini nyingine fosfati pasi na kusita, na kwa njia hiyo chembe huhimizwa kugawanyika daima.

Miongoni mwa watoto wenye lukemia kali ya limfoblasti, aina mojawapo ya saratani ya damu, wenye hitilafu hii ni wachache, yapata 3 hadi 5 katika kila 100, na zamani aghalabu tiba iliwashinda. Lakini imatinibu, dawa inayokalia nafasi ambamo kimeng'enya hicho hupokelea molekuli inayobeba fosfati, ilipoongezwa juu ya dawa za kawaida, wengi zaidi walinusurika.

Hitilafu nyingine, muungano wa jeni za ETV6 na RUNX1, aghalabu hutokea mtoto angali tumboni, kama uchunguzi wa Mel Greaves na wenzake juu ya pacha wa kufanana ulivyothibitisha. Hata hivyo wengi wazaliwao nayo hawaugui kamwe, kwani sharti itokee hitilafu ya pili baadaye. Basi mama asilaumiwe, wala jirani asituhumiwe kwa uchawi.

Na maadamu hitilafu moja huitikia dawa za kawaida na nyingine hudai dawa yake mahsusi, kipimo cha kuitambua si anasa ya hospitali za matajiri, bali ni sehemu ya tiba yenyewe, na ni haki ya kila mtoto.