Chumvi, Kiberiti, Sabuni… na Nini Tena?

Mtoto wa Kasulu akitumwa dukani hutiwa pesa mkononi na maneno masikioni: chumvi, kiberiti, sabuni ya mche, majani ya chai. Akivuka ua midomo yake inacheza. Anayarudia maneno yale kimyakimya, na asipokutana na mtu atafika dukani na yote manne. Lakini katika nchi ya Buha ni nadra mtu kupita njia nzima bila kusalimiana. Salamu za Waha zina heshima yake: mdogo huinama, hupiga makofi taratibu, huulizwa habari za nyumbani na kuzijibu. Zikiisha, chumvi bado ipo kichwani, pengine na majani ya chai. Kiberiti na sabuni havipo. Akirudi anaitwa mzembe, na mimi naona anaonewa.

Mwaka 1959 watafiti wawili wa Marekani, Lloyd na Margaret Peterson, waliwapa watu wazima herufi tatu tu wazishike kichwani, kisha wakawaamuru wahesabu kwa sauti kurudi nyuma, tatu tatu. Baada ya sekunde 18 ni mara chache sana waliweza kuzitaja zote tatu. Watu wale hawakuwa na kasoro yoyote. Walinyimwa tu nafasi ya kurudia, na kumbukumbu ya muda mfupi huishi kwa kurudiwa. Kumsalimu mzee vizuri huchukua zaidi ya sekunde 18.

Alan Baddeley wa Uingereza na wenzake waliendelea na jambo hilo, na mwaka 1975 walionyesha kwamba sauti ile ya ndani tunayojirudia nayo ina urefu wake: hubeba takriban maneno yanayoweza kutamkwa kwa sekunde mbili. Maneno mafupi huenea mengi, marefu huenea machache. Mwaka 1980 watafiti wengine waliwapima watu wanaozungumza Kiwelshi na Kiingereza, wakakuta kwamba watu walewale walishika tarakimu chache zaidi kwa Kiwelshi, kwa kuwa matamshi yake huchukua muda mrefu zaidi. Sasa mfikirie mtoto anayebeba "mafuta ya kupikia nusu lita" pamoja na "elfu tatu mia tano, chenji urudishe". Maneno hayo peke yake yamekwisha kuijaza nafasi. Ukimtuma, mpunguzie maneno, na lile usilotaka lisahaulike liweke mwanzo au mwisho. Tangu karne ya 19, Hermann Ebbinghaus alipoanza kujipima mwenyewe mjini Berlin, majaribio mengi yamerudia kuonyesha kwamba vitu vya katikati ya orodha ndivyo hupotea kwanza.

Lakini nenda siku ya gulio, Heru Juu au Mabamba karibu na mpaka wa Burundi, umtazame mama ambaye hajawahi kushika kalamu. Ameuza maharage yake, na sasa ananunua dagaa waliopanda kutoka Ziwa Tanganyika, mawese, chumvi, daftari za watoto, dawa ya kuku, jembe la mkwe wake. Hana karatasi, na hasahau. Je, yeye kapewa kichwa cha namna nyingine?

Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lilipatikana Liberia. Katika miaka ya 1960 Michael Cole na wenzake waliwasomea wakulima wa Kikpelle majina ya vitu 20: vyakula, nguo, vyombo na zana, vikiwa vimechanganywa. Waliosoma shule miaka kadhaa walivipanga kichwani kwa makundi, na kila jaribio likawaongezea. Wasiosoma walikumbuka vichache, na hata orodha iliporudiwa mara kadhaa hawakusonga sana mbele. Mtafiti mvivu angeishia hapo na kusema watu hawa hawana kumbukumbu nzuri. Cole hakuishia hapo. Alivitia vitu vilevile ndani ya hadithi: chifu ana binti mzuri, wanaume wanakuja kumposa, mmoja kaleta nguo, mwingine vyakula, mwingine zana. Wasikilizaji walipoulizwa kila mposaji alileta nini, vitu vilitoka vikiwa vimekaa kwa makundi yake. Kumbukumbu ilikuwepo siku zote. Iliyokuwa ngeni kwao ni orodha tupu, maneno yasiyo na mwenyewe wala safari.

Mama wa gulioni habebi orodha tupu. Jembe ni la mkwe aliyevunjikiwa mpini juzi, dawa ni ya kuku aliyeonekana amezubaa asubuhi, daftari ni za mtoto aliyerudishwa nyumbani na mwalimu. Kila kitu kimefungwa kwa mtu na kwa sababu. Na soko lenyewe limepangwa: wauza dagaa wana upande wao, wa mawese upande wao, kwa hiyo miguu ikipita macho yanakumbusha. Ng'ambo ya ziwa hilo, Waluba wa kusini-mashariki mwa Kongo walilifanya jambo hili kuwa elimu kamili. Lukasa yao ni ubao unaoshikika mkononi, uliopangwa shanga na kome, na mabingwa wa chama cha Mbudye walipitisha kidole juu yake huku wakisimulia wafalme, safari na mahali patakatifu.

Basi kwa nini mtu aandike? Mwanaanthropolojia Jack Goody, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alitukumbusha kwamba watu walipoanza kuandika hawakuanza na hadithi wala sala. Mabamba ya udongo ya Uruk, Iraki ya leo, yana miaka zaidi ya 5,000, na mengi yake ni orodha: shayiri, kondoo, posho ya pombe kwa wafanyakazi. Hadithi iliweza kukaa kichwani. Hesabu ya kondoo wa watu wengi haikuweza. Goody aliona pia kwamba orodha iliyoandikwa hufanya kazi ambayo sauti haiifanyi: inasimama mbele ya macho, inasomwa kuanzia juu au chini, mtu mwingine anaweza kuikagua, na penye pengo, pengo linaonekana. Kichwa kilichosahau hakijui kwamba kimesahau.

Karatasi hupumzisha pia. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha jaribio la vijana 57. Kabla ya kulala baadhi yao waliandika kwa dakika tano kazi zinazowasubiri, wengine wakaandika kazi walizokwisha kumaliza. Walioandika zinazowasubiri walipata usingizi mapema kwa takriban dakika tisa, na walioziandika kwa kina walilala upesi zaidi. Ni jaribio dogo la usiku mmoja, lisipewe uzito usio wake. Ila mwalimu mwenye madaftari ya kusahihisha, kikao cha wazazi na shamba la kupalilia anaweza kulijaribu leo usiku, na halimgharimu kitu.

Ushahidi mzito una mguu wake hapa Tanzania. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali nane duniani zilijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, kwa uongozi wa daktari Atul Gawande. Zilikuwamo za London, Toronto na Seattle, na mojawapo ilikuwa ya Ifakara, Morogoro. Orodha ina mambo 19, yanayosomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Mgonjwa ni huyu? Mahali pa kupasua ni hapa? Dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa? Vitambaa na sindano vimehesabiwa vyote? Maswali ya aibu kumwuliza bingwa, mtu angedhani. Matokeo yalitangazwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Lakini orodha si hirizi. Jimbo la Ontario, Kanada, liliilazimisha kwa hospitali zake, na utafiti wa hospitali 101 uliochapishwa mwaka 2014 haukuona upungufu wa maana wa vifo wala matatizo. Wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu. Mimi nasimama na wanaosema kwamba fomu iliyotiwa tiki ili ijae haijasomwa na mtu. Nguvu ya orodha ile iko katika sauti, katika muuguzi kupewa ruhusa ya kusema "bado".

Hapo ndipo ninapoifikiria orodha iliyo muhimu kuliko zote vijijini Kibondo, ya mama anayekaribia kujifungua. Sera inasema huduma ya uzazi ni bure, lakini familia nyingi hujiandaa: kanga na vitenge safi, glavu, mpira wa kulalia, wembe mpya, uzi wa kitovu, pamba, nguo za mtoto, kadi ya kliniki. Tena yapo yasiyonunuliwa dukani: atajifungulia kituo gani, nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto, nauli iko wapi, nani yuko tayari kuchangia damu. Ni zaidi ya mambo kumi. Nelson Cowan, katika uchambuzi wake wa mwaka 2001, alikadiria kwamba akili hushika kama manne kwa wakati mmoja, na hapo mtu ametulia.

Uchungu ukianza usiku, atakayekusanya vitu si mama mwenyewe. Ni mume, wifi, au binti wa darasa la sita. Kwa hiyo orodha iandikwe mapema, kwa herufi kubwa, ikae ndani ya begi lenyewe, na kinachonunuliwa kikatwe mstari siku hiyohiyo ili kilichobaki kionekane. Wakati wa kuondoka mmoja aisome kwa sauti na mwingine ashike kitu chenyewe kabla ya kujibu "kipo". Na namba ya mwenye pikipiki iandikwe kwenye karatasi ileile, kwa sababu simu huishiwa chaji.